Viatu vya Théodore Vinakwenda Peke Yavyo

"Kama miguu ni yako, viatu pia ni yako," Bibiane, jirani, alikuwa anasema, mikono kiunoni. "Vikikanyaga mihogo yangu, minye nitalaumu nani? Padri?"

Théodore, aliyekaa kwenye mkeka mlangoni pake na sahani juu ya goti, alijibu kwamba yeye hakutoka. Ilikuwa kweli, na Bibiane aliijua kuliko wote, maana dirisha lake linautazama mkeka ule siku nzima. Lakini alama za soli zilikuwa pale juu ya mihogo aliyoianika, kushoto, kulia, kushoto, mwendo wa mtu anayeogopa kuchelewa. Théodore akaahidi kwamba kuanzia kesho viatu vitapita nyuma ya choo. Ugomvi ukaishia hapo. Bibiane alikuwa ameacha sufuria motoni, na chakula chenyewe kilikuwa cha Théodore.

Viatu vilikuwa vya kahawia, vya kamba, vya mtu wa kupeleka barua ofisini, kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya Théodore katika kampuni. King'ora cha kiwanda kikilia asubuhi, vilitoka peke yavyo katika kambi ya wafanyakazi, vikakata soko la Kikula katikati, vikaenda stesheni. Huko vilisimama kwenye jukwaa, ncha zikielekea upande wa Kasai. Treni ikija au isipokuja, saa sita mchana viligeuka. Mama wa sokoni walivipisha. Fundi mmoja alikuwa na desturi ya kuvipiga brashi vikipita, kwa heshima.

Mwenye viatu hakutembea. Zamani alikuwa na kilo sabini na mbili; Desemba hiyo ya 1962 alikuwa na mia moja na kumi na nane. Miezi kumi na mitano nyuma, vijana walikuja kambini wakitafuta watu wa Kasai ili kuwafukuza warudi kwao, na Albertine, mke wake, alikuwa wa Kasai. Hawakuijua nyumba. Walimuuliza Bibiane, na Bibiane akanyoosha kidole kwenye mlango wa buluu. Kambi nzima iliona kile kidole. Albertine alipandishwa treni na kitambaa kimoja cha kujifunga, na tangu hapo hakuna barua. Théodore alikuwa kazini.

Jioni ile majirani walifanya wanachokijua. Walitandika mkeka, wakamkalisha mwanaume chini, wakaleta ugali wa bukari na sombe ya majani ya mihogo, wakaketi naye. Ni kilio, walisema, hata kama maiti hakuna. Na mtu wa kilio haamki kwenda huku na huku. Anakaa, analishwa, mpaka siku ya kumaliza, ndipo anaoshwa, ananyolewa, anatajiwa jina la marehemu, anarudi kwa watu. Lakini Albertine hakufa, au hakuna aliyejua kama amekufa, kwa hiyo siku ya kumaliza haikuweza kupangwa. Sahani ziliendelea kuja. Zilizojaa kupita zote zilitoka kwa Bibiane.

Munganga, daktari wa kampuni, alimpima mwezi wa kumi na moja. Alimwambia moyo wake unafanya kazi ya mioyo miwili, na kwamba atembee kila siku, aende hadi kanisani na kurudi. Tarehe ishirini na moja Desemba aje dispensari kwa miguu yake mwenyewe. Asipoweza, kazi imekwisha, na nyumba ya kazi imekwisha.

Kazi haikumuuma Théodore. Nyumba ndiyo. Albertine hakuwa na anwani nyingine duniani. Akirudi, atarudi kwenye mlango wa buluu. Akiandika, ataandika hapo.

Basi majirani, watu wanaopenda jambo la kuongea, walijaribu moyo wake kila upande ili atembee. Damas wa nyumba ya kona alimtukana mbele ya watu, akamwita gunia. Hasira ikamfikisha Théodore hatua ishirini, hadi kwenye bomba la maji, kisha ikamwishia, akarudi kula. Furaha waliijaribu Jumapili, kwa gramafoni na pombe. Akatikisa bega moja. Aibu ilimwingiza ndani, haikumtoa nje. Woga ulikuja wenyewe, siku ndege za vita zilipopita chini ya mawingu na kambi yote ikarukia mitaroni. Yeye alivuta sahani karibu, isiingie vumbi. Iliyobaki ni huzuni. Huzuni yake ilikuwa na nguvu za kutembea, kila mtu alikubali, ila ilikuwa imekwisha kuhamia viatuni.

Urbain, katekista, ndiye aliyesema neno la maana.

"Ndugu, hatutakuinua kwa matusi. Tumalize kilio. Utaje jina la Mama Albertine kati ya wafu, tukuoshe, utasimama."

Théodore aliuliza kama mtu akitajwa hivyo anaweza kurudi baadaye. Urbain alikuwa mkweli. Alisema hajapata kuona.

Tarehe ishirini wakakusanyika. Maji yalikuwa tayari, wembe pia. Simone, dada ya Urbain, alipika kuku wawili. Walisubiri jina tangu kuku walipokuwa wa moto mpaka walipoganda mafuta. Théodore alifungua kinywa mara moja tu, akasema, "Atakuta mulango umefungwa." Hakutaja. Watu wakala kuku, kwa sababu wamekwisha pikwa, wakaenda kwao.

Kesho yake viatu viliacha njia ya stesheni, vikaenda dispensari. Vilifika kabla ya wagonjwa wengine. Munganga alivipima, akaandika kwamba vina mwendo mzuri, soli zimelika sawasawa, na kwamba mwenyewe hakufika. Akapiga muhuri.

Jumamosi mtu wa ofisi alileta karatasi ya kumtoa nyumbani, na mpangaji mpya, Camille, mtu mpole wa Kapolowe mwenye watoto wanne. Théodore alimwomba jambo moja: barua ikija, aitunze. Camille aliahidi, na mchana huohuo, kwa kuwa mkewe hapendi buluu, akapaka mlango rangi ya kijani. Viatu vilirudi kutoka stesheni, vikapita mlango bila kuujua, vikasimama nje ya mkeka.

Mvua ilianza. Théodore alikaa na sanduku lake kati ya nyumba mbili. Hakuna aliyemtukana, hakuna aliyemwambia atembee. Mlango wa jirani ukafunguka, na Bibiane akasimama kizingitini, mwiko mkononi. Mvua ikalowesha mkeka wote ndipo akasema.

"Papa Théodore. Siku ile, minye ndiye nilionyesha."

"Najua, Mama."

Bibiane akasogea, akaacha nafasi ya mtu mnene kupita.

"Basi ingia ukule. Bukari iko mezani."