Sura ya Tisa

Mtaani walimwita Sindano, kwa kazi yake na kwa mdomo wake. Alikuwa na chumba kimoja cha kushonea, cherehani mbili, na rafu ya vitambaa iliyochanganyika na riwaya. Alipenda zile za mapenzi na uchawi, zenye falme zisizo kwenye ramani yoyote. Wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, muuguzi, alizipenda vilevile. Kisa cha Binti wa Moto, kitabu cha kwanza, walikisoma pamoja kwa zamu, mmoja akisoma kwa sauti, mwingine akikunja pindo za nguo za wateja.

Kisha wakakosana. Sindano alimshonea wifi gauni la kuvaa kwenye harusi ya binamu yao. Wakati wa kupiga picha zipu iliachia mgongoni, ukumbi mzima ukiangalia. Wifi akasema huyo si fundi wa nguo, ni fundi wa magunia. Sindano hakumeza neno.

"Gauni halina kosa. Mwili ndio umezidi vipimo."

Watu wakaangua kicheko. Kwa miaka miwili baada ya hapo, salamu zao zilipitia kwa mume.

Mume huyohuyo ndiye aliyeleta kitabu cha pili. Alikitua juu ya cherehani kama anatua sufuria ya moto.

"Dada kasema usome, ukimaliza umrudishie."

"Kasema nini kingine?"

"Mimi mbeba mizigo tu. Msinitie katikati."

Sindano akaanza kusoma mchana uleule. Katika kitabu cha kwanza, Binti wa Moto, aliyewasha miali kwa vidole vyake, alichoma daraja kwa hasira bila kujua mpenzi wake, Mlinzi wa Mto, yuko juu yake. Mlinzi alipona, ila mkono mmoja uliharibika. Watu walidhani ni radi, na binti akawaacha wadhani hivyo. Sindano alimpenda kwa kiburi chake. Sasa, katika cha pili, kila binti alipoirudia hadithi ya radi, moto wake ulipungua. Kufikia sura ya sita hakuweza kuwasha hata mshumaa. Sindano alisoma mbiombio, akingoja atajwe adui aliyemroga.

Hakutajwa. Katika sura ya tisa binti alikwenda mtoni, akasimama mbele ya Mlinzi na ndugu zake wote, akasema: radi haikupiga, ni mimi. Mlinzi hakumkumbatia. Aliinuka, akarudi kwenye kazi yake ya kutengeneza mashua.

"Wamemharibu," Sindano alisema, akakifunga kitabu.

"Nani tena?" aliuliza mteja aliyekuwa kwenye benchi. "Na gauni langu mimi liko sura ya ngapi?"

Sindano alichukua mkasi, lakini hakukata. Siku ya gauni la wifi, duka la vifaa lilikuwa limefungwa na yeye alikuwa amechelewa. Zipu aliifumua kwenye sketi kuukuu iliyosubiri kuwa matambara. Ilikwama alipoijaribu. Akaipaka nta ya mshumaa, ikateleza, akaishona. Kule ukumbini, alijua kilichotokea kabla gauni halijafunguka lote.

Alimaliza kitabu siku ya pili. Siku ya tatu akakipeleka. Wifi alifungua mlango akiwa na sare ya kazi, viatu mkononi.

"Usinisimulie," wifi alisema. "Sijakisoma. Nilijaribu kurasa tatu, peke yangu hakinogi."

"Wifi, ile zipu ilikuwa mbovu. Niliitoa kwenye sketi kuukuu, na nilijua. Mwili wako haukuwa na kosa. Vipimo vilikaa sawasawa."

Wifi aliketi kwenye ngazi. Jirani mmoja akapita, akasalimia, akaenda zake.

"Miaka miwili nakula mara moja kwa siku," alisema. "Nimeanguka kazini mara mbili. Kwa ajili ya zipu?"

Jibu la kujitetea lilikuwa tayari mdomoni, kama kawaida. Sindano aliliacha.

"Kwa ajili ya zipu, na mdomo wangu. Nisamehe."

"Ulinisema mbele ya ukumbi, unaniomba msamaha kwenye ngazi?"

Mwezi uliofuata ukoo ulikutana kumwona mtoto wa binamu. Sindano alisimama kabla ya chakula, akaeleza habari ya zipu tangu mwanzo, pamoja na nta. Shangazi mmoja alicheka, akaona yuko peke yake, akanyamaza. Mume alikuwa akitazama dari. Baada ya chakula, yeye na wifi waliondoka kila mtu kwa njia yake.

Siku kumi zilipita. Ndipo wifi akaingia kwenye chumba cha kushonea, kitabu kwapani, amevaa gauni jipya la fundi mwingine. Sindano aliutazama mshono begani: ulikuwa mzuri.

"Nimefika sura ya nne. Huyu binti ananikera."

"Mvumilie."

"Nimevumilia vya kutosha. Soma wewe."

Sindano alisoma mpaka koo likamkauka. Walipofika sura ya tisa, kule mtoni, wifi aliinua mkono.

"Rudia hapo." Akarudia. "Mlinzi kafanya vizuri kuondoka."

"Kafanya vizuri," Sindano alisema, akafungua ukurasa uliofuata.

Siku hizi wanasoma kwa zamu tena. Nguo, wifi anashonewa kwingine, na Sindano hajawahi kumuuliza.