Kurasa Alizoziruka Perpetua

Perpetua alikuwa amemkasirikia Mungu, wala hakuficha. Viboko walikuwa wamepanda kutoka mtoni usiku, yeye akapiga makopo mpaka mikono ikamfa ganzi, na bado wakala mpunga wa bondeni wote. Msimu mzima, kule Mahege, amekaa juu ya dungu, kile kibanda cha nguzo ndefu cha kulindia shamba, na badala ya kuwapigia ndege mayowe kama wenzake, akawasomea Biblia kwa sauti ya juu. Ndege wakikimbia, naye akipata neno. Alilolipenda ni lile la Malaki, kwamba Bwana atamkemea mlaji asiharibu mazao. Alilipigia mstari mwekundu mpaka karatasi ikataka kutoboka.

"Sasa nani kamkemea nani?" akafoka. Akakifunga Kitabu pu! Akakitia kapuni, akanuna.

Ndege walipoona kimya wakashuka kwenye kipande cha juu walichokiacha viboko. Wengine wakahamia kwa jirani.

"We Perpetua!" Mwantumu aliita kutoka dungu la pili. Yeye ni Mwislamu, lakini msimu mzima amekisikiliza Kitabu hicho apende asipende. "Umelala? Ndege wako wamenijaa huku!"

"Sisomi tena. Kimenidanganya!"

"Kimekudanganya wapi? Leo Malaki, kesho Malaki. Kitabu kinene vile, kina Malaki tu humo? Loo! Hebu soma kwingine, bibi wee, masikio yangu yapumzike."

Perpetua alizidi kukasirika, kwa sababu ni kweli. Akakitoa, akarudi nyuma kurasa chache, kwenye karatasi zilizokuwa bado zimegandana. Habakuki. Akaanza kusoma kwa ukali wa mtu anayegombana, kumbe na huyo Habakuki naye anagombana: analia kwa Mungu, Mungu hasikii. Perpetua akapunguza mwendo. Akasoma mpaka mwisho mwisho, mashamba hayatoi chakula, zizi halina kondoo, na hapo akakoma. Jicho lake lilikwisha kuona mstari unaofuata, kwamba hata hivyo atamfurahia Bwana, na yeye Perpetua hakuwa na furaha hata ya kuazima. Maneno haya yalikuwa humu humu siku zote. Hakuna aliyemficha.

"Umenyamaza tena!" Mwantumu akapiga kelele. "Ndege!"

"Ngoja kwanza," Perpetua alisema, akijifuta machozi kwa pindo la kanga. "Kuna mtu huku naye shamba halikumpa kitu."



"Basi soma kwa nguvu," Mwantumu akasema. "Nataka kusikia alifanyaje."