Duara la Mwenye Mwavuli

Hivi, umewahi kumwona mtu mzima akijitafuta kwenye kompyuta, akajikosa? Mimi nimemwona, na alikuwa mume wangu.

Mjukuu wetu Mohor anasoma chuo kikuu Kolkata. Alichukua madaftari yangu saba, yale niliyoandikia visa vya mtaa wetu hapa Krishnanagar wali ukiwa jikoni, akayachapa yote na kuyaingiza kwenye programu ya kuchambua maandishi. Kila anapotajwa mtu, Mohor humpaka rangi yake. Kisha programu huchora maduara, na anayetajwa sana hupata duara kubwa.

Mzee akavuta kiti, bakuli la bisi za mchele mapajani. Akamwona muuza maziwa. Akamwona mbuzi wa jirani, duara lake kubwa kama sahani.

"Na mimi niko wapi?"

Mohor akatafuta. "Jina lako halimo, Babu."

"Miaka arobaini na minane ya ndoa," akasema, "nashindwa na mbuzi."

"Mbuzi yule alikuwa na visa," nikamwambia.

Hakucheka. Akaweka bakuli chini likiwa bado limejaa, nikajua jambo hilo limemchoma.

Nikamwambia Mohor anisogezee kiti. Sisi wanawake wa umri wangu, kwa desturi ya huku, jina la mume halitutoki mdomoni, na kumbe hata kalamuni halikunitoka. Nikaanza kumwonyesha kwa kidole, ukurasa kwa ukurasa.

"Huyu mwenye mwavuli, ni yeye. Huyu mkata tiketi wa stesheni, ni yeye. Huyu aliyenipepea nilipokuwa na homa, yeye huyohuyo."

"Bibi jamani, nilidhani hao ni watu kumi na wawili."

"Ni mmoja tu. Wape rangi moja."

Mzee akasogea. "Na huyu anayekoroma?"

"Mpake pia," nikasema.

Ilipofika saa kumi tulikuwa tumemaliza daftari la saba. Mohor akabonyeza. Duara moja likavimba, likamsukuma mbuzi hadi pembeni mwa kioo. Mohor akacheka, akaenda kuchemsha chai.

Nilidhani Mzee ameridhika. Yeye akabaki anafuta miwani isiyo na vumbi.

"Mbona kimya? Si umeshinda?"

"Mama Tapan," akasema polepole, "mimi sikuwa nikitaka duara. Nilitaka nikusikie ukiniita jina langu. Mara moja tu, kabla mtoto hajarudi na chai."