Chaguo la Narelle Pascoe

Maji ya moto yalimpata Narelle Pascoe miguuni kwanza. Aliona mvuke kabla ya kusikia maumivu. Kisha miguu yote miwili ikakakamaa, ikaruka mbele kama miguu ya mtu mwingine, na kisigino kikagonga vigae vya ukuta wa bafu. Glenn Tolhurst, mhudumu wake, hakuondoa bomba. Alilishikilia palepale, uso mtulivu, kama mtu anayemwagilia bustani.

"Rudia," alisema. "Leo unakwenda wapi?"

"Kwenye maonyesho."

"Kufanya nini?"

"Kuwaacha nyinyi."

Maji yakapanda hadi magotini.

Narelle alikuwa na umri wa miaka arobaini na mmoja. Alizaliwa na mtindio wa ubongo. Akili yake ilikuwa nzima, lakini shingo, mikono na ulimi vilimtii vilipotaka. Kila neno lilimtoka kwa kuvutwa, likiwa limechanganyika na mate na mngurumo, na mgeni hakulitambua kuwa neno. Mama yake alikuwa akimwelewa, lakini mama yake alikuwa amekwisha kufa. Kompyuta yake ndogo ya kusemea Glenn aliivunja kioo wakati wa baridi. Ombi la nyingine lilipelekwa mji mkuu kutafutiwa kibali, na sasa ilikuwa katikati ya kiangazi. Katika mji wote wa Merringa alibaki mtu mmoja tu aliyeelewa kila alichosema, na mtu huyo ndiye aliyeshika bomba.

Mwaka wa kwanza Glenn hakuwa hivyo. Alijifunza usemi wake upesi kuliko mhudumu yeyote kabla yake, na alicheka mpaka akakohoa siku Narelle alipomfananisha mkurugenzi wao, Bwana Peake, na kondoo dume aliyefungwa tai. Baadaye mhudumu wa pili aliondoka, wala hakuletwa mwingine. Kampuni yao, Bega kwa Bega, iliendelea kuidai serikali malipo ya wahudumu wawili na kutuma mmoja. Glenn alimnyanyua Narelle peke yake asubuhi, jioni na siku za sikukuu. Mgongo ukamharibika. Siku moja alimwangusha, Narelle akamtukana, naye akampiga kofi. Wote wawili wakasubiri mtu aje kuuliza. Hakuna aliyekuja. Kofi la pili halikuhitaji sababu.

Alimkausha, akamvalisha soksi ndefu za sufu juu ya ngozi iliyokwisha kuanza kututumka.

"Joto lote hili, soksi za sufu?" alisema Narelle.

"Wewe si unapenda kupendeza, malkia?" Alimbana kidevu. "Twende ukachague watumishi."

Asingeweza kumwacha nyumbani. Bwana Peake alikuwa ameagiza wakaazi wote wa nyumba zake wapelekwe, waoshwe vizuri, waonekane wamechangamka. Aliyeihama kampuni aliihama na nyumba, kwa kuwa nyumba zilikuwa za Peake. Ndiyo maana Narelle hakuwa na pa kwenda mpaka juma lile, redio ya mji ilipotangaza kwamba kampuni nyingine, Upeo Mpya, ina chumba kimoja kitupu, na kwamba mpangaji angechaguliwa siku ya maonyesho. Serikali ilikuwa imempa haki ya kuchagua anayemhudumia. Alichohitaji ni mtu wa Upeo Mpya amsikie.

Maonyesho hayo, ya kampuni zinazohudumia watu wenye ulemavu, yalifanyika katika banda kubwa la uwanja wa mifugo. Vibanda vya watoa huduma vilipangwa ndani ya mazizi ya chuma ambamo, kila masika, majaji huwapapasa kondoo manyoya. Harufu ya kondoo haikuwa imetoka. Mlangoni watu wa kujitolea walichoma soseji na vitunguu na kuvikunjia ndani ya kipande cha mkate. Glenn alichukua kimoja.

"Utakula?"

"Ndiyo."

Alikila chote mbele yake, akajifuta mchuzi kwenye mgongo wa kiti cha magurudumu cha Narelle.

Katika kibanda cha Upeo Mpya alikuwepo mwanamke mwenye nywele fupi za mvi na beji kubwa: Kerryn Dufty, msimamizi. Alipiga goti moja ili macho yake yalingane na ya Narelle, kisha akapaza sauti kama anayeita mtu ng'ambo ya mto.

"KARIBU, KIPENZI! UMEKUJA KUTUTAZAMA?"

"Si kiziwi, dada," alisema Glenn kwa upole. "Na si mtoto. Zungumza naye kawaida tu."

Kerryn akaona haya. Alimtazama Glenn kwa heshima. "Samahani. Ni kweli kabisa. Wewe ndiwe mhudumu wake?"

"Mwaka wa nne sasa."

"Unaonekana unamjua sana."

"Kama ndugu yangu."

"Ananipiga," alisema Narelle.

Kerryn alitabasamu, akamgeukia Glenn. "Anasemaje?"

"Anasema anapenda rangi ya kibanda chenu."

"Asubuhi hii ameniunguza. Nivue soksi. Nivue soksi uone."

"Anauliza kama mnaruhusu paka."

"Paka!" Kerryn aliandika. "Tunaruhusu paka, kipenzi. Huko tulikotoka, watu kama wewe hawakuulizwa chochote. Sisi tunamsikiliza mhusika mwenyewe."

Narelle alipiga kelele. Haikuwa na maneno ndani yake. Watu wa vibanda vya jirani waligeuka, wakaona mwanamke aliyepinda shingo na mwanaume aliyemwekea mkono begani, wakageuka tena kwa adabu. Kidole gumba cha Glenn kilikuwa kimezama nyuma ya mfupa wa mtulinga.

"Huchoka haraka," alisema Glenn. "Kelele nyingi humu."

"Subiri kidogo." Kerryn hakuwa mjinga. Alikuwa amehudhuria mafunzo. "Narelle, sikiliza. Nitakuuliza wewe, si yeye. Ukitaka kusema ndiyo, fumba macho. Ukitaka kusema hapana, yaache wazi. Umenielewa?"

Narelle akafumba macho, akayafumbua. Mkono uliokuwa begani ulitulia.

"Vizuri mno! Sasa. Unafurahi hapo unapoishi? Ungependa kubaki na Glenn?"

Narelle aliacha macho wazi.

Aliyakodoa. Kerryn alisubiri, kalamu mkononi, kwa subira ya mtu aliyefundishwa kusubiri. Feni kubwa la banda lilipuliza vumbi la kondoo usoni mwa Narelle. Macho yakaanza kuwasha, yakajaa maji. Aliuma meno. Shingo yake, ambayo kila alipoilazimisha kutulia ilizidi kucheza, ilianza kutetemeka. Chozi likashuka shavuni.

"Ameguswa," alisema Glenn taratibu. "Hatujawahi kulizungumza hili, mimi na yeye."

"Oo," alisema Kerryn, na mkono wake ukaenda kifuani.

Bado Narelle hakufumba. Aliona Kerryn akiwa wawili, kisha akiwa ukungu. Kope zikashuka zenyewe.

"Ndiyo!" alisema Kerryn. "Nimeiona. Hiyo ni ndiyo safi kabisa." Akaandika. "Basi hatutakuondoa kwa watu wako, kipenzi. Chumba tutampa mwingine. Hongera, Glenn. Laiti wote wangekuwa na mtu kama wewe."

"Tunajitahidi," alisema Glenn. Aliinama, mdomo wake ukiwa karibu na sikio la Narelle, akanong'ona: "Jioni tutaoga tena."

Glenn alikuwa amesimama nyuma ya kiti. Nyuma yake palikuwa na kizuizi cha chuma cha zizi. Mkono wa kulia wa Narelle, ambao kwa kawaida ulihitaji majaribio kadhaa kukipata kijiti cha kuendeshea, ulikipata mara moja. Akakivuta nyuma.

Kiti kile cha magurudumu kiendacho kwa umeme, pamoja na betri zake, kilikuwa kizito kama ndama. Kilimbana Glenn magotini na kumbandika kwenye chuma. Narelle alisogea mbele kidogo, akavuta tena, kwa nguvu zote za mota. Safari hii mfupa ulilia. Watu waliokuwa karibu waliusikia, maana banda zima lilikuwa limenyamaza. Meza ya Upeo Mpya ilipinduka. Akasogea mbele, akavuta mara ya tatu.

Glenn alimshika nywele, akamvuta kichwa upande, akampiga ngumi ya mdomo. Akampiga nyingine. Ya tatu ilimpata sikioni. Wanaume wawili waliruka kizuizi. Mmoja alichomoa waya wa betri. Wa pili alimsaidia Glenn kuketi chini.

Kerryn alikuwa amesimama, mikono mdomoni.

"Umemwona?" alisema Narelle. Damu na kipande cha jino vilimtoka pamoja na swali. "Umemwona anavyonipiga?"

Kerryn aliinama. Kwa mara ya kwanza hakupaza sauti. "Nimeona," alisema. Kisha Narelle akatambua kwamba hakuwa akimtazama yeye. "Nimeona kila kitu, Glenn. Ulikuwa unajikinga. Wote tutasema."

"Soksi," alisema Narelle. "Vua soksi."

"Anasemaje?" Kerryn aliuliza, kwa mtu aliyekaa chini.

Glenn alikuwa mweupe kama chokaa. Muundi wake ulikuwa umepinda mahali pasipopindika. Alimtazama Narelle, na kwa dakika ile, kati ya watu wote waliojaa mle bandani, wawili hao tu ndio walioelewana.

"Anaomba msamaha," alisema Glenn.

Bwana Peake alifika akitembea, bila kukimbia, tai yake ikiwa imenyooka. Alimsikiliza Kerryn. Alitikisa kichwa kwa huzuni ifaayo. Alisema kwamba tangu siku hiyo Narelle atahitaji wahudumu watatu, na kwamba ataomba fungu la kuwalipa. Alisema kiti cha umeme ni hatari kwake na kwa jamii. Atafutiwe cha kusukumwa, chenye mikanda ya mikono. Kerryn alikubali kutia sahihi kama shahidi. Gari la wagonjwa liliitwa kwa ajili ya Glenn. Kwa Narelle ililetwa karatasi ya kujifutia, kutoka kwenye meza ya soseji.

Peake mwenyewe alikisukuma kiti kuelekea mlangoni, akiwaitikia watu kwa kichwa. Hapo mlangoni mzee mmoja wa kujitolea, Bi Dulcie, alisimama kando ya ubao wenye majina ya kampuni zote. Juu yake paliandikwa: NANI AMEKUSIKILIZA VIZURI ZAIDI? Mkononi alikuwa na vibandiko vya kijani vya duara.

"Na yeye achague," alisema Bi Dulcie. "Kila mtu anapata kimoja."

"Kwa nini asichague?" alisema Peake.

Vidole vya Narelle vilikuwa vimejifunga kuwa ngumi. Peake alivifungua kimoja kimoja, akakinyoosha cha shahada, akakibandika duara la kijani kwenye ncha. Kisha akaunyanyua mkono wote, kwa kiwiko, hadi kwenye jina la Bega kwa Bega, akaukandamiza.

Kibandiko kiliteleza, kikaanguka.

"Kimelowa damu, mwanangu," alisema Bi Dulcie, akipekua vingine. "Hakishiki hicho. Mfute kidole kwanza, ajaribu tena."