Maji ya Toleo la Tano

Mwaka 1998, kompyuta pekee ya chuo kimoja cha ufundi Newala haikuwa na kompaila, ile programu inayogeuza maandishi ya mtu kuwa lugha ya mashine. Wanafunzi walijifunza ubaoni tu. Mwalimu Dominika akapata sidi, diski yenye msimbo wa kompaila, yaani maandishi yake ya asili, akawasha jenereta, akaanza kuijenga mwenyewe.

Kompyuta ikagoma. Msimbo ulitaka maktaba ya toleo la tano, hazina ambamo programu huazima kazi zilizokwisha kuandikwa. Iliyokuwamo ilikuwa ya sita. Dominika akaitoa ya sita, akaweka ya tano.

Bomba la uani likaanza kutoa maji.

Lilikuwa kavu tangu pampu ya bondeni ilipobinafsishwa na mnunuzi akang'oa mota akaondoka nayo. Bimdogo, mpishi wa chuo, ambaye kila alfajiri alishuka genge na ndoo kuteka maji bondeni, akakinga sufuria.

Lakini zana nyingine za kompyuta zilitegemea toleo la sita, na ujenzi ukakwama. Dominika alipolirudisha, maji yakakatika. Bimdogo akaja mlangoni.

"Mwalimu, rudisha ulichotoa. Kuna foleni mpaka barabarani."

"Nikikirudisha, Bimdogo, kazi yangu inalala."

"Na ukikiacha, sisi tunarudi bondeni."

Dominika akavuta kiti. Alijenga, ikakwama, akafuta, akajenga tena, wala hakwenda kula. Mwisho akaliweka toleo la tano kwenye saraka, yaani folda, yake peke yake, akaionyesha kompaila njia ya kulifikia, na la sita akaliacha mahali pake.

"Kila moja na chumba chake," akamweleza Bimdogo.

"Kama mimi na mke mwenzangu," Bimdogo akasema, akaenda kuziita ndoo.

Kompaila ikakamilika Alhamisi. Maji nayo hayakukatika tena, ila jenereta ilipozimwa.

Wiki iliyofuata akaja ofisa wa maji, bwana mpole mwenye viatu vyeupe kwa vumbi. Akanywa bilauri mbili.

"Matamu," akasema. "Basi lile ombi lenu la pampu nimelifunga. Hamna shida ya maji."

"Na vijiji vingine, mzee?" Dominika akauliza.

"Navyo vitafute kompyuta."

Akaaga. Dominika akatia dizeli kwenye jenereta, kisha akarudi kukaa mbele ya kompyuta, akaanza kuandika ombi jipya la pampu.