Mkono Kooni

Mimi ni kinyozi, na kinyozi bubu hana biashara. Watu huja kwangu kunyolewa nusu, kupiga soga nusu. Tangu mke wangu afariki nawanyoa kimya, na wengine wameshahamia kwa jirani. Waende salama.

Kwenye mazishi sikulia. Wakanisifu: "Mwanaume kajikaza." Nijikaze wapi? Sikusikia kitu. Unajua mkono unavyokufa ganzi ukishika mashine ya kunyolea kutwa nzima? Basi hivyo hivyo, ila mwili mzima.

Marehemu alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza. Alifundisha kusoma kwa sauti: kila herufi na sauti yake, kisha unaziunganisha mpaka neno litoke. Nyumbani alimpakata binti yetu, tunayemwita Chiriku kwa domo lake, akauweka mkono wa mtoto kooni pake mwenyewe. "Mmmm. Unasikia inavyotetemeka? Haya, ssss. Umeona? Kimya." Mtoto anacheka, anajishika koo lake, anajaribu. Kila jioni sauti moja, mimi nakula. Hawakumaliza.

Mwalimu aliyepokea darasa ana njia yake. Anaandika sentensi ubaoni, anaisoma, watoto wanaitikia kwa pamoja mpaka inawakaa kichwani. Wenzake wameshamaliza ubao mzima, Chiriku bado ananguruma na herufi ya pili, mkono kooni. Mwalimu akaniita.

"Baba Chiriku, tumrudishe chekechea. Anawachelewesha wenzake."

Nikasema sawa. Siku hizi kila kitu nasema sawa.

Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, ndiye aliyewaka. "Sawa kitu gani? Mtoto kamzika mama yake, sasa mnamzikia na darasa?" Akamvaa mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu akaona ajivue lawama: suala liamuliwe kwenye mkutano wa wazazi, maana wengine nao walikuwa wanalalamikia ufundishaji.

Lo, mkutano gani ule! Debe tupu haliachi kuvuma, na pale yalikuwa madebe ukumbi mzima. Fundi cherehani mmoja akasimama: "Sisi si tuliimba ubao? Mbona tunasoma?" Mama mmoja akamjibu kwamba wa kwake anasoma kitabu kizima akiwa amekishika juu chini. Watu wakacheka. Mwalimu akasema, bila hasira, kwamba ana watoto wamejaa mpaka mlangoni na hawezi kumsubiri kila mmoja anung'unike herufi. Nilimwelewa. Shemeji akanipiga kiwiko.

"Shemeji, sema. Ni mwanao."

Nikaangalia viatu vyangu. Nilijua akirudishwa chekechea atanyamaza kabisa, kama mimi. Nilijua, na mdomo haukufunguka.

Mwalimu mkuu akachoka na kelele. Akachukua chaki, akaandika: Mlango huu una vumbi.

"Chiriku, njoo usome. Ukiweza unabaki. Ukishindwa, mwakani si mbali."

Mwanangu akaenda mbele, akajishika koo. "Mmm... laaa..." Nyuma kuna mtu akaguna. Yeye hana habari. "Mlango." Akameza mate. "Mlango huu." Ukumbi ukaanza kutulia. "Mlango huu una."

Akasimama hapo. Akaigusa kwa kidole ile herufi inayofuata, akatutazama sisi, akairudia tena. Ndipo nikaelewa. Hiyo mama yake hakuifikia. Na huyu mwalimu wa sasa anaimbisha sentensi nzima nzima. Nani angempa herufi moja?

"Basi," akasema mwalimu mkuu taratibu.

Chiriku hakwenda kukaa. Akapita katikati ya viti, magoti ya watu huku na huku, akaja mpaka kwangu. Akapandisha mkono wake mdogo, una chaki, akaniwekea kooni. Hakuna aliyewahi kunigusa hapo ila marehemu na wembe.

"Baba, hii inasemaje?"

Nikaangalia ubao. Watu wote wananitolea macho, wateja wangu wamo, jirani yangu kinyozi yumo. Mara ya kwanza ikatoka pumzi tupu.

"Haitetemeki," akaniambia kwa masikitiko.

Nikajaribu tena. "Vvvvv."

Ukumbi ukaangua kicheko. Jirani akapiga kelele, "Huyo kawasha mashine!" Na Chiriku macho yakamtoka, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu msiba. "Kumbe ya mashine yako!" Akageukia ubao, mkono wake ukiwa palepale kooni pangu, akasema kwa sauti ya kufika barabarani: "Vvv... uuu... vumbi! Mlango huu una vumbi."

"Kasaidiwa," mwalimu akasema.

"Sauti moja tu," akasema mwalimu mkuu, akifuta ubao. "Anabaki. Na wewe mwalimu, hizo sauti wafundishe, hata kama ni nusu saa."

Wakaanza upya kubishana, nusu saa itatoka kipindi gani. Shemeji akawa anashangilia peke yake. Mimi sikuwa nasikia vizuri. Niliubana mdomo, nikabana na meno.

Chiriku alikuwa hajatoa mkono. Akainamisha kichwa, akasikiliza kwa vidole, kama alivyofundishwa.

"Baba," akasema, "mbona inatetemeka na husemi kitu?"