Siku Kumi na Moja za Kamanda Libérata

Hakuna aliyetaka kuwa kamanda. Mwalimu Honoré aliuliza mara ya kwanza, akauliza ya pili, na wanawake ishirini na wawili waliokaa kwenye mabenchi ya shule wakaendelea kuangalia miguu yao.

"Ni muchezo tu, bamama," akasema.

Mchezo! Kamanda mwenyewe, yule wa wenye bunduki, alikuwa kule juu kilimani, ukichungulia dirishani unaona moshi wa jiko lake. Nani amvae mtu yule mwilini, hata kwa saa moja? Mwalimu akageuza macho huku na huku mpaka yakamwangukia Libérata, aliyekuwa amekaa karibu na mlango kwa sababu alichelewa. Kwetu anayechelewa ndiye hupewa kazi.

"Mama Libérata, weye utakuwa kamanda."

"Miye? Mwalimu, miye hata mbuzi hazinisikilize."

Wenzake wakacheka, na kucheka kwao kukawa ndiyo kura. Basi Libérata akapewa koti la mwalimu, lenye mikono mirefu kupita yake, akapewa na fimbo ya kuonyeshea ubao.

Libérata alikuwa mkulima, na shamba lake lilikuwa upande wa pili wa kilima kile, la kwanza ukivuka kijito. Babu ya mume wake alililima, na mume wake alilima hapo mpaka alipokufa. Vita iliporudi Masisi mwaka ule, watu wenye bunduki walikuja wakapiga kambi juu ya kilima. Usiku mmoja wakashambuliwa na adui zao kutoka upande wa mashamba. Kesho yake kamanda wao akafunga kamba kati ya miti miwili, ikawa barrière, akasema hapiti mtu. Tangu hapo wanawake walishuka Rubaya, kwenye migodi, kubeba magunia ya mawe ya koltani mgongoni, kutwa nzima, wapate unga wa siku hiyo na wa siku hiyo tu.

Sasa mvua za Septemba zilikuwa zimeanza. Libérata alikuwa na mikebe sita ya mbegu za maharage, zilizochanganywa na majivu ndani ya bidon, dumu la njano la mdomo mpana, na hiyo ndiyo ilikuwa mali yote iliyobaki. Zikiingia udongoni kabla ya mvua kukolea, nyumba itakula mwaka mzima. Zisipoingia, zitaoza au zitapikwa, hakuna njia ya tatu.

Mama mkwe wake, Adelaïde, alikuwa wa kuzipika.

"Mbegu gani hiyo inalala kitandani kama mugonjwa?" alisema kila jioni, akisukuma mboga za lenga-lenga chunguni. "Tupike, tukule. Kama ni kufa, tukufe tumeshiba."

Libérata aliichukua bidon, akaitikisa asikie mbegu zikilia ndani, kisha akaiweka karibu na kichwa chake. Wala hakumwogopa bibi yule. Alijiogopa mwenyewe. Mwenye njaa hana miiko, na jioni moja alikuwa ameshafungua kifuniko, mkono umo ndani mpaka kwenye kifundo, ndipo akashtuka. Aliona haya sana siku ile.

Kwa hiyo mambo yalikuwa haya: padri alikuwa amewaombea wanawake wakutane na kamanda, Jumanne, wiki mbili mbele, dakika kumi. Naye Honoré alikuwa ametoka Goma kwenye mafunzo ya siku tatu, amerudi na daftari na cheti kilichovikwa plastiki, na mchezo ambao huko waliuita jeu de rôle. Wanawake waliuita kuvaa muntu. Unavaa mtu fulani, unasema kama yeye, na mwisho unamvua: unakung'uta nguo mara tatu mlangoni, unataja jina lako mwenyewe, kisha unaeleza yule uliyemvaa aliogopa nini. Honoré alishikilia sana hilo la kuvua. Alisema huko Goma mwanamume mmoja alisahau kumvua polisi wake, akafika nyumbani akamwomba mke wake kitambulisho.

Siku ya kwanza ilikwenda kama maji. Mwalimu alikuwa ameandika maneno ya kila mtu kwa mwandiko mzuri. Msemaji wa wanawake alikuwa Geneviève, mfanyabiashara kutoka Butembo aliyeuza chumvi na sabuni pale centre, penye maduka, mwanamke mwenye sauti ya kuangusha avoka mtini. Duka lake lilikuwa limelala, maana wasiovuna hawanunui sabuni. Geneviève akasema maneno yake, na kwenye ukurasa wa pili kamanda akajibu kama ilivyoandikwa: "Nimewasikia, bamama wangu. Njia iko wazi." Wote wakapiga makofi.

Siku ya pili Libérata alifika kwenye maneno yale, akanyamaza.

"Mama Libérata, ni zamu yako," Honoré akamkumbusha.

"Najua. Lakini huyu hajanigeuza roho."

"Imeandikwa."

"Imeandikwa na weye, mwalimu. Miye niko nimekaa hapa kwenye kiti, bale bamesimama, na sijasikia neno la kunifanya nifungue."

Geneviève akashika kiuno. "Afande, wahenga walisema, penye nia pana njia."

"Nia njo yako, Mama," akasema Libérata, na fimbo akaigonga chini. "Njia iko yangu."

Mabenchi yote yakacheka isipokuwa Geneviève. Baadaye alimfuata mwalimu akamwambia mchezo umeharibika, wamebakiwa na siku chache, na mwanamke yule wa maharage anajiona mkubwa. Honoré akafungua daftari lake, akapekua mbele na nyuma. Halikuwa na neno hata moja juu ya kamanda anayekataa. Na hapa nampa haki yake kijana yule, kwa sababu wenye vyeti wengi wasingefanya hivyo: alilifunga daftari, akalikalia.

"Sawa," akasema. "Tushindwe kwanza. Heri tushindwe hapa, mahali mabenchi iko yetu."

Wakaanza kushindwa. Siku ya tatu walilia, kamanda akawaambia hata mama yake alilia alipokwenda vitani. Siku ya nne walipiga magoti wote, wakaleta na kuku wa kuazima, na kamanda akauliza kama wanadhani yeye ni wa kununuliwa mbele ya watu. Kila walipomaliza, Libérata alikung'uta koti mara tatu mlangoni na kusema, "Miye ni Libérata. Kamanda hakuogopa kitu."

Siku ya tano alikung'uta koti, akalikunja.

"Miye ni Libérata. Kamanda aliogopa askari wake. Munamuomba mbele yao afute neno lake. Akikubali, watasema bamama wamemushinda. Hata kama angetaka, hawezi."

Siku ya sita wakabadilisha ombi: amri ibaki amri, kamba ibaki kamba, ila kamanda aongeze juu yake saa za kulima, mara mbili kwa wiki, askari wawahesabu wakienda na wakirudi. Kamanda wa koti akasikiliza mpaka mwisho kwa mara ya kwanza. Geneviève alitoka nje anaimba.

Lakini siku ya nane, wakati wa kuvua, Libérata alisema, "Bado iko anaogopa. Aliogopa usiku ule. Mupaka leo hajui nani aliwaonyesha adui njia." Na siku ya tisa, akiwa ndani ya koti, swali likamtoka kabla hajalifikiri:

"Na mumoja wenu akibebea adui habari, miye nitashika nani?"

"Mungu njo anajua," Geneviève akajaribu.

"Mungu simufungi miye. Nitashika nani?"

Wakaangalia miguu yao, kama siku ile ya kwanza. Kamanda akangoja, kisha akasimama, na akisimama ndiyo mwisho wa mchezo. Siku ya kumi ikawa vilevile. Siku ya kumi na moja vilevile. Honoré hakuwapa jibu, akasema jibu lile haliwezi kutoka kwa mwalimu. "Pengine hataliuliza," alisema Geneviève wakifunga shule, na Libérata akaitikia kwa kichwa. Alikwenda nyumbani anajuta. Angekuwa na uwezo angelirudisha swali lile tumboni.

Jumanne wakapanda kilima.

Kamanda wa kweli hakuwa mrefu. Alikuwa mwembamba, ana mafua, ameshika taulo dogo la kufutia pua na gunzi la hindi la kuchoma. Libérata alimwonea huruma, kisha akaikasirikia ile huruma. Huyu ndiye aliyefunga shamba lake. Askari saba walikuwa wamesimama nyuma yake, na Libérata akaona jinsi alivyowatazama kwanza kabla ya kuwatazama wageni. Alijua kutazama kule. Aliwahi kutazama hivyo yeye mwenyewe.

Geneviève akasema, na kweli alisema vizuri. Amri ya Afande ni nzuri, inawalinda na wao pia. Hawaji kuifuta. Wanaomba tu aongeze saa: Jumanne na Ijumaa, asubuhi mpaka jua la utosi, wahesabiwe kama mbuzi, hawatakasirika. Askari mmoja akacheka kidogo. Kamanda akauliza wako wangapi, mashamba yako wapi, nani wa kwanza ukivuka kijito. Mambo yalikuwa yanakwenda. Akaweka gunzi chini, akafuta pua.

"Na mumoja wenu akipeleka habari kule, nitashika nani?"

Wanawake wote wakageuza shingo wakamtazama Libérata, kana kwamba ni yeye aliyekwenda kumwambia.

Kimya kile Libérata alikijua. Siku tatu alikikalia upande wa pili, ndani ya koti, na alijua kinachofuata: kamanda atangoja, kisha atasimama. Lakini alijua na kingine, ambacho hakumwambia mtu. Kila aliposimama pale shuleni, moyo ulimshuka. Ndani ya koti alikuwa anatamani mmoja tu ajibu, apate mahali pa kushika, naye apumzike na woga ule. Basi na huyu naye anangoja, akajiambia. Hanitegi. Anangoja.

Aliogopa, tusidanganyane. Mtu anayejitaja mbele ya bunduki hajui atalala wapi. Akafikiria bidon ya njano na mkono wake ndani yake. Kisha mikono ikafanya ilichozoea: akashika pindo la kikwembe chake, akalikung'uta mara tatu.

"Miye ni Libérata," akasema. "Shamba langu njo hilo la kwanza ukivuka kijito. Andika jina langu, Afande. Mumoja akiharibu, shika miye."

Kamanda akamtazama. "Unajua unasema nini, Mama?"

"Najua. Nimelifikiria kukupita."

Askari aliyecheka hakucheka tena. Kamanda akaomba kalamu, na kabla haijafika Geneviève akasogea mbele. "Na langu," akasema, kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake. Wakaja wengine wawili. Waliobaki waliangalia miguu yao, na tusiwalaumu, kila mtu anajua alichoacha nyumbani.

"Ijumaa tu," kamanda akasema. "Mupaka jua la utosi. Akipungua mumoja, kamba inarudi na nyinyi wane munabaki hapa."

Siku moja badala ya mbili. Si haba.

Ijumaa asubuhi mvua ilikuwa imepumzika. Askari wa barrière alihesabu ishirini na watatu wakipita, kwa sababu Adelaïde naye alifuata nyuma na kijiti chake, akisema anataka tu kuona kama magugu yameacha shamba. Libérata na mama mkwe wake wakalima kipande, wakapanda mkebe mmoja, wa pili, wa tatu. Jua lilipopanda, Libérata akamwachia bibi jembe na bidon, akamwambia asikawie, akakimbia kurudi kwenye kamba kuwahesabu wenzake wakirudi. Jina lake lilikuwa kwenye karatasi ile, la kwanza.

Walirudi mmoja mmoja, matope mpaka magotini. Kumi. Kumi na saba. Geneviève akarudi, mikono ya dukani imetoka malengelenge. Ishirini na wawili.

"Mumoja iko wapi?" akauliza askari.

Jua lilikuwa utosini. Libérata alihesabu tena, na hakuhitaji kuhesabu mara ya tatu kujua ni nani. Akataka kukimbia kumfuata, askari akamzuia kwa mkono: akivuka tena, watakuwa wamepungua wawili. Askari akatazama juu kilimani, kwa kamanda wake. Kamanda alikuwa amesimama, taulo begani. Alikaa amesimama hivyo kwa muda. Kisha akageuka, akaanza kukoroga moto wake kama mtu ambaye hajaona saa.

Ndipo kijiti kikasikika kwenye mawe. Adelaïde alitokea kwenye kona ya njia, polepole, majivu mpaka kwenye viwiko, bidon mgongoni.

"Mama, jua," Libérata akasema, na machozi yakamtoka bila kumwomba ruhusa. "Tulisema jua la utosi."

"Nilibakisha mistari miwili," akajibu bibi. "Nani anaacha mistari miwili?"

Askari akahesabu, ishirini na watatu, akainua kamba. Adelaïde akapita chini yake bila kuinama sana, akamwekea mkwe wake bidon mikononi.

Libérata akaitikisa. Haikulia hata mbegu moja.